Folda ya Musumbi

Pale Nunguni, ukimuuliza mtu mzima yeyote ni nani aliyekuwa akipiga taipu katika ofisi ya kanisa, atakujibu Ndinda, tena bila kukuna kichwa. Mapasta walikuja wakahamishwa, wamishonari walikuja wakarudi kwao, mabati ya ile ofisi yalibadilishwa mara mbili, na Ndinda alikuwa palepale karibu na dirisha, mgongo umenyooka, kitambaa cheupe kimefungwa kichwani, vidole vinakimbia.

Hakuanza kwa taipu. Alianza kwa ufagio. Alizaliwa chini kule Mbumbuni, kwenye joto, akasoma hadi darasa la nane na mtihani akaupita vizuri. Lakini ulikuwa ule mwaka wa 1961, mwaka wa njaa watu waliyoiita ya ndege kwa sababu mahindi ya msaada yalitupwa kutoka angani, na hakuna mzazi aliyekuwa akiwaza habari za chuo cha ualimu. Mwaka wa 1965 aliolewa na Kivuva, mwana wa mzee Kilonzo wa Nunguni, akapanda huku juu kwenye baridi na matope mekundu. Miaka miwili baadaye akapata kazi ya kufagia ofisi ya kanisa.

Mmishonari mama aliyekuwa akipiga taipu pale alimkuta siku moja amesimama na ufagio, anasoma barua iliyokuwa bado kwenye mashine. Ndinda alidhani atafukuzwa. Yule mama alimwambia kuna kosa kwenye mstari wa tatu, je, ameliona? Ndinda alikuwa ameliona. Kuanzia wiki ile, kila siku baada ya kazi, yule mama alimfunika vidole kwa kitambaa cha meza ili asiangalie vifungo, akamsomea Zaburi azipige. Kufikia Krismasi Ndinda alikuwa amepiga Zaburi zote mia na hamsini, nyingine mara mbili, na ufagio ukapewa mtu mwingine.

Alikuwa na utaratibu wake. Barua ikiingia, inapata namba na tarehe kabla haijasomwa na mtu. Ikitoka, nakala inabaki. Faili likifunguliwa, linapewa jina ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisahau hata akiamshwa usingizini. Na majina hayo aliyatoa kwa Kikamba, kwa sababu alisema lugha anayoota nayo ndiyo lugha asiyoweza kuisahau. Kwa hiyo kabati lake lilikuwa na faili la Mbemba, ambalo lilikuwa la mahindi, na la Kiwu, ambalo lilikuwa la maji, na wageni kutoka Nairobi walilishangaa lile kabati lakini hawakuwahi kuomba barua wakaikosa. Miaka thelathini na moja. Hakuna barua iliyopotea mikononi mwake hata moja, na jambo hilo alilijua yeye, na alijua kwamba watu wengine pia wanalijua.

Kompyuta ilikuja mwaka wa 1995, imefungwa kwa blanketi nyuma ya gari la mradi wa maji. Wengi walidhani hapo ndipo Ndinda ataenda nyumbani. Alikuwa amepita miaka hamsini, ana wajukuu. Alikaa mbele yake wiki tatu na daftari, akiandika kila kitu: ukibonyeza hapa, hutokea hiki. Wiki ya nne alikuwa anaandika barua. Imeili zilipoanza, kwa simu ile ya ofisi iliyokuwa ikilia kama paka anayekanyagwa kabla ya kushika Nairobi, ni yeye aliyekuwa akizituma kila asubuhi saa mbili, kabla laini hazijajaa. Na katika programu ya barua akatengeneza folda, moja moja, kama alivyotengeneza kabati. Mbemba. Kiwu. Na kadhalika.

Sasa kuna folda moja ambayo habari zake lazima zielezwe, kwa sababu ndiyo iliyoleta haya yote.

Mradi wa maji ulikuwa na mpimaji, bwana mmoja mrefu mpole, ambaye kazi yake ilikuwa kutembea kwenye mito mikavu na fimbo ya chuma, akiipigilia mchangani kutafuta mwamba. Ukijenga ukuta wa saruji juu ya mwamba mzima, mvua ikinyesha mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na ndani ya mchanga maji hukaa hata miezi sita, wanawake wakachimba kidogo tu wakateka. Ukijenga mahali ambapo mwamba haupo, maji hupita chini yakaenda zake, na umechoka bure. Wanawake wa Mbumbuni walikuwa wamechoka bure mara moja tayari. Ukuta wao wa kwanza ulijengwa kwa kukisia, na zile mvua kubwa za mwisho wa 1997 ziliubeba kama sanduku la kadibodi.

Kwa hiyo mpimaji alienda Mbumbuni mwezi wa pili wa 1998, akapima kijito cha Kwa Mbilo kwa siku tisa, akaenda Nairobi, na kutoka Nairobi akatuma vipimo vyote kwa imeili, barua sita. Kisha akapata kazi Sudan, kwenye kambi mahali ambapo hakukuwa na simu wala posta, akaenda.

Jina la mpimaji huyo lilikuwa Kilonzo.

Na Kilonzo, kumbuka, ni jina la baba mkwe wa Ndinda. Mwanamke wa Kikamba aliyelelewa vizuri hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya ukwe, na haiishi mzee akifa. Hata kifungua mimba wake, aliyepewa jina la babu yake kama desturi inavyotaka, Ndinda hakuwahi kumwita Kilonzo. Alimwita Musumbi, yaani mfalme. Musumbi njoo ule. Musumbi umeoga? Mtoto alienda shule akiwa na miaka saba, mwalimu akaita Kilonzo mara tatu naye anatazama nyuma aone ni nani anayeitwa.

Basi mpimaji alipoanza kuandika barua, Ndinda hangeweza kuliandika jina lile juu ya folda, alibonyeze kila asubuhi kama mtu anayeita mbuzi. Akaandika Musumbi. Ofisini alimwita Mpimaji, na barua za kumjibu alizianza kwa Mpendwa Mpimaji, na yule bwana, ambaye alikuwa Mkamba pia, hakuuliza.

Nakala za karatasi hazikuwepo. Hilo lilikuwa jambo la kumuuma Ndinda, lakini hakulitaka yeye. Wino wa mashine ya kuchapishia ulikuwa umekwisha mwezi wa kwanza, na Pasta Mulei, aliyekuwa msimamizi wa ofisi, mtu mwema lakini mwenye haraka, alisema karatasi ni mambo ya zamani, kompyuta ndiyo kabati sasa. Ndinda alimjibu kwamba kabati likifungwa ufunguo unaweza kulivunja kwa shoka. Pasta alicheka akaenda zake.

Mwezi wa tisa, zikiwa zimebaki siku chache lori la saruji lifike Mbumbuni Jumatatu, kompyuta ilikwama. Ukiiwasha inaonyesha ile picha yake ya mawingu, halafu inakufa. Jumatano Pasta akamwita Mbugua kutoka Emali. Mbugua alikuwa na duka la kutengeneza redio na televisheni kando ya barabara ya Mombasa, kijana wa miaka kama thelathini, mwenyeji wa Murang'a aliyekuja na wazazi wake, anaongea Kikamba cha sokoni vizuri kabisa. Alikaa na mashine siku nzima. Akaweka mfumo mpya, akaweka upya na programu ya barua, na jioni mashine ikawaka ikapendeza, inaenda mbio kuliko ilivyokuwa mpya. Pasta alimsifu mpaka kwenye geti.

Alhamisi saa mbili asubuhi Ndinda aliketi kutuma barua. Alifungua programu, akatazama upande wa kushoto ambapo folda zake hupangwa, na pale palikuwa peupe. Palikuwa na sanduku la barua zinazoingia, tupu, na la zinazotoka, tupu. Mbemba hakuna, Kiwu hakuna, Musumbi hakuna.

Hakupiga kelele. Alizima, akahesabu hadi thelathini kama Mbugua mwenyewe alivyomfundisha jana yake, akawasha. Peupe. Akainuka akaenda kumwambia Pasta, na njiani kwenye veranda akakutana na Syokau.

Syokau alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa Kwa Mbilo, mwethya wao, wale wanaochimba na kubeba mawe kwa zamu. Alikuwa ametoka Mbumbuni saa kumi na moja alfajiri, kaja kuchukua vipimo. Alieleza kabla hata hajaketi. Wanawake arobaini na watatu wamejipanga kuanza kuchimba msingi Jumatatu. Kila mmoja ameacha shamba ambalo halijalimwa. Mvua ziko wiki sita mbele, na saruji inataka kukauka kabla maji hayajaja. Wakikosa Jumatatu hii, ni mpaka mwaka ujao, na mwaka ujao hawatakubali tena, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa yeye Syokau aliyewashawishi, na ukuta ukaenda na maji.

"Wameniambia safari hii niwaletee karatasi," alisema. "Si maneno. Karatasi."

Ndinda alimwambia aketi.

Pasta alipiga simu Emali, na Mbugua akafika kabla ya saa sita, amebeba mfuko wake wa bisibisi. Wanaume wawili wakaingia kwenye chumba cha kompyuta. Ndinda alikuwa anawafuata, lakini Pasta, bila kugeuka, alimwomba awatengenezee wageni chai.

Akaenda akatengeneza chai. Alikaa na Syokau verandani wakainywa, na mlango ulikuwa wazi kidogo, akasikia Mbugua akieleza kwamba hakufuta kitu. Vitu vya zamani alivisukuma vyote pembeni, ndani ya folda moja kubwa, yamo mafaili zaidi ya elfu mbili, mengine ya mfumo wenyewe yana majina kama laana. Lakini si neno, mashine ina mahali pa kutafuta. Ukiandika jina, inalisaka yenyewe. Akauliza tunatafuta nini? Pasta akasema Kilonzo. Vifungo vikalia. Baada ya muda Mbugua akasema hakuna. Pasta akasema jaribu maji. Hakuna. Jaribu barua, jaribu Mbumbuni, jaribu vipimo. Ilikuwa hakuna, hakuna, hakuna, kama mtu anayegonga nyumba za watu walioenda sokoni.

Pasta alitoka akasimama verandani. Alikuwa na huzuni ya kweli, hilo lazima lisemwe. Alimwambia Syokau kwamba zile barua zimepotea na fundi amethibitisha. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kutaka kupunguza uzito, kwamba huenda ni mama hapa alibonyeza kitu bila kujua, kwa sababu mashine hizi na watu wa umri wetu, ni shida kidogo.

Syokau alimtazama Ndinda. Alikuwa amesikia.

Ndinda aliweka kikombe chini. Miaka thelathini na moja, na hilo lilikuwa limesemwa mbele ya mgeni, kwenye veranda aliyoifagia kwa mikono yake mwenyewe. Alipita kando ya Pasta bila kumgusa, akaingia chumbani. Mbugua alikuwa anafunga mfuko wake.

"Kijana," alimuuliza, "uliandika jina gani?"

"Kilonzo, mama. Hayupo. Nimesaka mashine yote."

"Na ni nani alikuambia ni Kilonzo?"

Mbugua alimtazama Pasta aliyekuwa amesimama mlangoni. Pasta alisema, kwani mpimaji anaitwa nani?

Ndinda alimwomba Mbugua amwachie kiti, naye akaamka. Akavuta ubao wa vifungo karibu, akaandika pale pa kutafutia, bila kuangalia vidole, Musumbi. Mashine ikaguna. Ilichukua muda mrefu wa kutosha Pasta kuanza kusema kitu na kunyamaza. Kisha mstari mmoja ukatokea chini. Musumbi, na tarehe, na ukubwa wake, faili nono kabisa.

"Hilo nililiona," Mbugua alisema polepole. "Wallahi nililiona asubuhi. Nikadhani ni kitu cha kompyuta."

"Ni kitu cha kwangu," Ndinda alisema.

Pasta Mulei alikuwa amelisoma lile jina kutoka mlangoni, na unaweza kumlaumu kwa mengi lakini si kwa ujinga wa mila. Alijua mzee Kilonzo alikuwa nani; alikuwa ameongoza mazishi yake. Alishika paji la uso. Alisema, "Nthoni," neno hilo moja tu, na akaketi juu ya sanduku la karatasi.

Mbugua aliomba kuelezwa, na alipoelezwa alianza kucheka, si kicheko cha dharau. Alisema mama yake mwenyewe, mpaka leo, humwita mwanawe mkubwa baba, kwa sababu hiyohiyo. Kama angekuwa ameambiwa mwanamke ndiye aliyepanga zile folda, alisema, angeuliza kwanza ameolewa katika ukoo gani.

"Hukuuliza," Ndinda alisema. "Wote hamkuuliza. Mlikuwa mnasubiri chai."

Hapo Syokau, ambaye alikuwa ameingia nyuma yao, alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini kupata faili si kupata barua. Mbugua alieleza kwamba programu mpya haijui kuwa folda ya zamani ipo. Lazima faili lipelekwe kwenye nyumba mpya, mahali ambapo programu huweka barua zake. Alishika mausi akataka kulivuta palepale, alitoe mahali pa zamani alipeleke mahali papya. Ndinda aliweka mkono wake juu ya mkono wake.

"Nakala kwanza."

Mbugua alisema ni kazi ya sekunde tatu. Ndinda alisema hata sekunde tatu. Kwake yeye barua haikuwahi kuondoka kwenye faili kabla nakala haijawa kwenye faili lingine, na hakuanza leo. Akafungua droo akatoa disketi mbili, akazifuta vumbi kwenye sketi. Mbugua alipumua kwa nguvu, kama vijana wanavyopumua wakiwa wanaheshimu, akaingiza ya kwanza. Kwa sababu Ndinda alikuwa amekaa pale, aliwaonyesha pia kwamba karibu na Musumbi palikuwa na Mbemba na Kiwu na wenzao wote, kumi na tisa, wamekaa kwenye folda moja wakisubiri kuitwa kwa majina yao. Zote zikanakiliwa. Disketi ya kwanza ikajaa, ikaingizwa ya pili, na katikati ya ile ya pili stima ikapotea.

Chumba kizima kikanyamaza, hata friji ya jikoni. Nunguni hupoteza stima kama mtu anavyopepesa macho, kila mmoja alijua, lakini hakuna aliyekuwa amefikiri habari hiyo. Mbugua alibaki na mkono hewani. Ilipita karibu saa nzima kabla taa hazijarudi, na wakati wote huo hakuna aliyezungumza kuhusu kulivuta faili kwa sekunde tatu. Mbugua ndiye aliyesema mwishowe, akitazama viatu vyake, kwamba kama lingekuwa njiani wakati ule, sasa hivi wangekuwa hawana la huku wala la kule.

Stima iliporudi, disketi ya pili ilikuwa imeharibika, haisomeki. Ya kwanza ilikuwa nzima, na faili lenyewe lilikuwa mahali pake pa zamani, halijaguswa. Ndinda akatoa disketi ya tatu. Safari hii Mbugua aliingiza bila kupumua.

Walipomaliza, wakanakili mafaili yote kwenye nyumba mpya, wakafungua programu. Upande wa kushoto, chini ya masanduku matupu, folda zikajipanga moja baada ya nyingine kwa utaratibu wa alfabeti. Ndinda akabonyeza Musumbi. Kwa muda mfupi ilionekana tupu, na Syokau akavuta pumzi, lakini Mbugua akasema subiri, inajihesabu. Na kweli ikajihesabu. Barua sita za mwezi wa pili zikatokea moja juu ya nyingine, kila moja na tarehe yake, na ndani yake hatua, na futi, na majina ya mawe.

Ndinda alizisoma kwa sauti zote sita kuanzia mwanzo, Pasta akiandika kwa mkono, kwa sababu wino wa kuchapishia bado ulikuwa haujanunuliwa. Alikuwa akisoma taratibu, kama anavyosoma mtu anayejua kuwa anayeandika ameacha kuwa na haraka. Kurasa nne zilijaa. Walipofika mwisho Pasta alikunja karatasi, akasimama, akamwambia Ndinda mbele ya Syokau na mbele ya Mbugua kwamba alilosema verandani halikuwa kweli, na kwamba alilisema kwa sababu alikuwa na hofu, na anaomba msamaha. Ndinda alimsamehe. Hakumfanya arudie, ingawa wapo ambao wangemfanya.

Kisha akamwambia Pasta kwamba Jumatatu yeye mwenyewe ataenda Mbumbuni na hizo karatasi. Wanawake hawakutaka maneno, na karatasi isiyo na mtu wa kuitetea ni maneno tu yaliyoandikwa. Pasta alisema ofisi itabaki bila mtu. Ndinda alimwambia atabaki yeye Pasta, na chai iko kwenye chupa.

Jumatatu saa tatu kijito cha Kwa Mbilo kilikuwa kimejaa watu. Mchanga mweupe ulikuwa umeshaanza kuwaka chini ya miguu. Lori lilikuwa limemwaga saruji kivulini na kuondoka, na wanawake wa mwethya walikuwa wamesimama mistari miwili na majembe na karai, wakimtazama mama wa ofisi aliyevaa viatu vya ngozi na koti la kanisa. Ndinda alikuwa amezaliwa kilomita nne tu kutoka pale, lakini wengi hawakumkumbuka.

Fundi mkuu alikuwa Kiema, mtu wa makamo mwenye sauti nene, aliyejenga kuta za mito ya mchanga kutoka Kyuso hadi Kibwezi, na ukuta ule wa kwanza ulioenda na maji hakuwa yeye aliyeujenga, jambo alilolitaja mara tatu kabla ya kusalimiana. Yeye alikuwa amepata mahali pake pazuri, juu kidogo, ambapo kingo za mto zinakaribiana. Alisema macho yake yameona mito mingi kuliko kompyuta yoyote. Alisema pia kwamba kuchimba mahali ambapo mto ni mpana hivi ni kuwachosha wanawake, na kwamba barua inaweza kukosea namba moja tu, futi saba ikawa kumi na saba, na nani atajua?

Ilikuwa hoja nzuri, na wanawake walianza kunong'ona. Syokau alimtazama Ndinda.

Ndinda alifungua karatasi. Hakubishana na macho ya Kiema. Alisema tu kwamba pale anapopataka yeye pia palipimwa, siku ya nne, na akasoma: mahali kingo zinapokaribiana, fimbo ilishuka futi kumi na sita bila kukuta mwamba, mara tatu. Halafu akasoma siku ya sita: kutoka jiwe jekundu lenye ufa, hatua sitini na mbili kuteremka, futi saba na nusu, mwamba mzima, unalia kama kengele.

Kisha akatembea mwenyewe kutoka lile jiwe, akihesabu kwa sauti ili kila mtu asikie, viatu vikizama mchangani. Kwenye sitini na mbili alisimama. Akavua koti, akalilaza pale, akasema, "Hapa."

Walichimba. Mchanga ulikuwa rahisi mwanzoni, ukawa mgumu, ukawa mbichi, wanawake wakipokezana kila baada ya dakika kumi, mmoja akiingia na mwingine akitoka amepakwa udongo hadi magoti. Futi tano hakuna. Futi sita hakuna. Kiema alisimama ukingoni, mikono nyuma, akauliza kwa upole kama kuna mtu anayetaka chakula cha mchana wakiwa bado wanachimba hadi watokee Uchina. Wachache walicheka. Ndinda alibaki pale pale, karatasi mkononi, na hakuna mtu aliyeweza kujua kutoka usoni mwake kama alikuwa anaomba.

Futi saba na nusu. Syokau ndiye aliyekuwa ndani wakati huo, maana alikataa kutoka zamu yake ilipoisha. Aliinua sururu akaishusha, na haikuzama. Ililia. Akaishusha hatua moja pembeni, ikalia tena sauti ileile, kavu na nzima, na kila mwanamke aliyekuwa ukingoni aliisikia na kuijua bila kuambiwa. Vigelegele vilianza upande wa mbali, vikaja kama moto kwenye nyasi.

Kiema alishuka ndani ya shimo mwenyewe. Alipiga magoti, akapangusa mchanga mbichi kwa kiganja, akaugonga mwamba kwa ncha ya nyundo yake mahali pengi, kichwa kimeinama kama daktari anayesikiliza kifua. Alichukua muda wake. Alipoinuka alivua kofia, akaipiga kwenye paja kuondoa vumbi, na akamtazama Ndinda pale juu.

"Mama," alisema, "upande wa pili wa mto, mpimaji amesema ni hatua ngapi?"

Ndinda alifungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole kwenye mstari, na akaanza kumsomea.